Matini Asilia, Mfasiri na Imani: Kuhusu Usalama wa Programu za Kompyuta

Kila programu ya kompyuta ina matini mbili. Ya kwanza huandikwa na mwanadamu kwa lugha ya kubuni kama vile C, lugha yenye msamiati mchache na sarufi isiyosamehe kosa. Hiyo ndiyo matini asilia. Ya pili ni mfululizo mrefu wa tarakimu ambao mashine huutekeleza, na ambao mtu huusoma kwa taabu kubwa. Baina ya hizo mbili hukaa mfasiri, yaani programu iitwayo kompaila, ambayo hupokea matini asilia na kuigeuza kuwa lugha ya mashine. Mtumiaji wa kawaida hukabidhiwa tafsiri tu. Kwa hiyo suala la usalama wa kompyuta, ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, kwa sehemu kubwa ni suala ambalo wahakiki wa miswada wanalifahamu tangu zamani: ni nani anayethibitisha kwamba nakala iliyo mkononi inalingana na asili yake?

Swali hilo lilielezwa kwa ukali na Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix katika maabara ya Bell nchini Marekani. Yeye na mwenzake Dennis Ritchie walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983, na hotuba yake ilichapishwa mwaka 1984. Badala ya kuisifu kazi yake, Thompson alionyesha jinsi ya kuisaliti. Kompaila hutiwa maagizo mawili. La kwanza ni kwamba kila inapofasiri programu inayokagua maneno ya siri ya watumiaji, iongeze neno jingine linalojulikana na mhalifu peke yake. Agizo la pili ndilo lenye werevu: kila inapofasiri matini asilia ya kompaila yenyewe, iyapachike upya maagizo yote mawili. Kompaila ikishafasiriwa mara moja kwa namna hiyo, mhalifu huyafuta maagizo katika matini asilia. Anayeisoma matini hiyo haoni kitu. Kila mstari ni safi. Hata hivyo mlango wa uani umebaki wazi, na utarithiwa na kila kompaila itakayozaliwa na ile iliyotangulia. Thompson alikiri kwamba wazo hilo alilikuta katika waraka wa Jeshi la Anga la Marekani uliochunguza usalama wa mfumo wa Multics. Rai yake ilikuwa kwamba ukaguzi wa matini asilia, hata uwe wa makini namna gani, haumkingi mtu dhidi ya programu iliyoandikwa na asiyeaminika.

Rai iliyoenea mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na matumaini zaidi. Mwaka 1997 Eric Raymond, katika insha yake juu ya utungaji wa programu huria, alishikilia kwamba kosa haliwezi kujificha pale ambapo macho ya kutosha yanaitazama matini. Rai hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana mfumo wa Linux umestawi kwa njia hiyo. Lakini mzigo wote umebebwa na neno moja, "kutosha". Matini kuwa wazi si sawa na kusomwa; hata maktaba zina vitabu vya zamani ambavyo kurasa zake hazijapata kukatwa.

Mwezi wa Aprili 2014 jambo hilo lilidhihirika. Programu ya OpenSSL, ambayo tovuti nyingi mno duniani ziliitegemea kusimba siri za wateja wao, ilionekana kuwa na kosa lililopewa jina la Heartbleed. Mtu wa nje aliweza kuiomba seva imrudishie maneno aliyoyatuma, akadanganya juu ya urefu wake, nayo ikammiminia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, pamoja na siri zozote zilizokuwamo. Kosa hilo lilikuwa wazi kwa kila msomaji tangu Machi 2012. Ilijulikana pia kwamba michango waliyopata watunzaji wa programu hiyo ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka, ilhali makampuni yaliyoitumia yalihesabu mapato yao kwa mabilioni. Baada ya aibu hiyo baadhi yao yalichanga fedha kupitia Linux Foundation.

Heartbleed ilikuwa ajali. Kisa cha Xz Utils, programu ndogo ya kubana mafaili, hakikuwa ajali. Ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea. Mwaka 2021 alijitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole na mchapakazi. Mwaka uliofuata majina mengine yasiyojulikana yalianza kumlaumu mtunzaji kwa uzito wake na kumhimiza agawane madaraka. Hatimaye Jia Tan akapewa funguo za nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako: mwezi wa Februari 2024 lilitolewa toleo la 5.6.0 lenye mlango wa uani, ambao kwenye baadhi ya mifumo ya Linux ungemwezesha mwenye ufunguo maalumu kuiamrisha seva kutoka mbali.

Namna ulivyofichwa inastahili kutazamwa kwa makini. Sumu yenyewe ilikaa ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo hayakuandikwa kwa lugha ya kusomeka na ambayo hakuna aliyetarajia kuyasoma. Agizo la kuifungua halikuwamo katika hifadhi ya hadhara inayosomwa na wakaguzi. Liliwekwa katika kifurushi cha toleo tu, kile ambacho wasambazaji hukichukua na kukifasiri. Yaani nakala ya maktabani ilitofautiana na nakala ya sokoni.

Aliyeigundua hakuwa mkaguzi. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watungaji wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi nyingine kabisa alipoona kwamba kuingia katika mashine yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alifuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona. Wakati huo toleo hilo lilikuwa limefika hasa katika matoleo ya majaribio ya mifumo kama Debian na Fedora. Jia Tan alibaki jina tu.

Kwa hila ya Thompson dawa ilikwisha kupatikana. David A. Wheeler, katika tasnifu yake ya mwaka 2009, alieleza kwamba matini asilia ya kompaila inayoshukiwa ifasiriwe kwanza na kompaila nyingine isiyo na uhusiano nayo, kisha zao lake liifasiri matini ileile mara ya pili. Likilingana tarakimu kwa tarakimu na kompaila inayoshukiwa, basi mfasiri hakuongeza neno, isipokuwa kama wafasiri wawili hao walikula njama. Kwa Xz hila haikuwa ya mfasiri. Hapo ilihitajika kulinganisha kifurushi na hifadhi, na vyote viwili vilikuwa wazi kwa umma. Lakini vifurushi vya aina hiyo huwa na mafaili ya ziada yanayotengenezwa na mashine, hivyo tofauti zilikuwa zimezoeleka, na kuzipekua moja moja haikuwa kazi ya mshahara ya mtu yeyote.