Mieleka ya Topeni

Kila mtoto achungaye mbuzi huko Loliondo aijua mieleka ya malishoni: wawili hushikana, naye aangukaye chali ameshindwa. Lakini iko mieleka nyingine, iliyo kazi ya maonyesho. Huko Marekani imefanywa kwa zaidi ya miaka 100, katika ulingo wa mbao uliotandikwa godoro.

Mwaka 2023 vijana wa Mukono, mji ulio mashariki ya Kampala katika Uganda, waliianza mieleka hiyo, kiongozi wao akiwa Bumbash. Hawakuwa na fedha za kununua ulingo. Basi wakasimamisha nguzo, wakafunga kamba, wakalainisha udongo kwa maji. Tope likawa godoro lao.

Katika maonyesho haya mshindi huchaguliwa kabla ya kuanza, lakini kuanguka ni kuanguka kweli. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kwanza kuanguka: kidevu kifuani, mgongo ufike chini kabla ya kichwa. Naye amwinuaye mwenzake ameshika uhai wake mikononi. Akizembea, shingo yaweza kuvunjika. Watazamaji huona maadui wawili, kumbe ni watu wanaotunzana.

Wewe usimrushe mwenzako hivyo malishoni, maana ardhi kavu haina huruma.