Asifiche na Asijifiche

Nimeombwa niandike kidogo juu ya lugha ya Kiswahili. Wengine wamekwisha kuisifu lugha hii katika kurasa hizi, tena vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Kwa hiyo nimeona heri nieleze jambo moja dogo la sarufi, ambalo liliitia nyumba yetu katika kimya cha miaka miwili.

Kwetu ni Omugo. Kaka yangu mkubwa alikwenda Busoga kukata miwa, kama walivyofanya wanaume wengi wa West Nile. Hakujua kusoma. Barua zetu alisomewa na jirani yake wa kambini, mtu wa Kenya, ambaye hakujua hata neno moja la Kilugbara. Basi ilitubidi tuandike kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na katika nyumba yetu nilihesabiwa kuwa msomi, kwa hiyo kalamu ilikuwa yangu.

Kaka alikuwa amepitisha mavuno mawili bila kuja, na watu waliotoka huko walituambia kwamba anaona haya kurudi mikono mitupu. Mama akaniita, akasema kwa Kilugbara: mwambie ndugu yako asijifungie mbali nasi kwa haya, na mwili wake autazame vema. Nikaandika, tena kwa majivuno ya mwanafunzi: "Mwambie asifiche, atunze."

Baada ya mwezi mmoja hivi zilikuja fedha kwa posta, nyingi kuliko alizowahi kutuma, bila neno lolote. Kisha kimya. Mama alisema mwanawe amelipa deni la kuzaliwa, naye sasa si wake tena.

Sasa tuitazame barua ile. Kuficha ni kuweka kitu mahali kisionekane, na kutunza ni kukiangalia kitu kisipotee wala kuharibika. Nilipoandika "asifiche, atunze", jirani alisoma alichokiona: kaka asifiche kitu, akitunze. Kitu gani anachoweza kuficha mkata miwa mwenye mama kijijini? Fedha, bila shaka. Kaka akaelewa kwamba nyumbani tunamwita mwizi wa mshahara wake mwenyewe. Nilipaswa kuandika "asijifiche, ajitunze". Hiyo silabi ji ndiyo inayomgeuza mtendaji awe mtendewa pia. Bila yake kazi hutoka nje ikatafute kitu kingine.

Mahali pake ni pamoja tu, mbele ya kitendo chenyewe, pale ambapo tungeweka m au wa au ki. Mtunze yeye, watunze wao, jitunze. Na kwa kuwa nafasi ni moja, haiwezekani kuviweka viwili pamoja: hakuna "ajimtunze". Tunaposema la kutaka, kuagiza au kushauri, a ya mwisho hugeuka e: nijitunze, ujitunze, ajitunze, tujitunze, mjitunze, wajitunze. Tunapokataza, si huja mbele ya ji: usijitunze hivyo, asijifiche, wasijidanganye. Maneno yanayoita umbo hili mnayajua: nataka, afadhali, lazima, mwambie, ili. "Nataka ujifunze." "Afadhali wajipange." Nimesikia sana huku mpakani mtu akisema "mwambie asijificha", na a yake mwishoni. Hilo nalo ni kosa, ila kosa hilo halivunji nyumba, kwa maana msikilizaji atalielewa.

Amri nayo ina jambo lake. Kumwambia mtu asome tunasema "soma!", kwa a. Lakini ji ikiingia, e huja nayo hata katika amri: jitayarishe, jifunzeni. Vitendo vilivyotoka katika Kiarabu havigeuki mwishoni, basi tunasema ajitahidi, tujihadhari. Vile vifupi kabisa, kama kupa, huiacha ku yake: ajipe moyo.

Mwenye shaka kwamba ji ni kitu kidogo na alinganishe haya. "Kiranja asione" maana yake ni kwamba kuna jambo mnamficha. "Kiranja asijione" maana yake ni kwamba aache majivuno. Au "tufunze": hili laweza kuwa ombi kwa mwalimu kwamba atufundishe sisi, laweza pia kuwa shauri kwamba sisi tuwafundishe wengine. "Tujifunze" halina shaka yoyote. Tena hapo utaona kwamba kwa Kiswahili kujifunza ni kujifundisha mwenyewe, jambo ambalo wavivu wa darasani hawapendi kulisikia.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua, mwaka 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, vijana huniuliza maswali ya namna hii mara nyingi. Mmoja aliniuliza kama taabu hii ni yetu peke yetu. Sivyo. Kihispania, lugha ya Hispania na ya nchi nyingi za Amerika, kinayo. Lava kwao ni anaosha. Likiwa la kutaka huwa lave, a ikageuka e, kana kwamba wamekopa kwetu! (Hawakukopa, na vitendo vyao vingine hufanya kinyume, e ikawa a.) Lakini ji yetu ni moja kwa watu wote, na yao hubadilika kila mtu na lake: me lave ni nijioshe, te laves ni ujioshe, se lave ni ajioshe, nos lavemos ni tujioshe. Mhispania akiisahau se, naye hupatwa na yaliyonipata mimi. Tofauti nyingine ni kwamba wao huitumia hata kwa mikono na uso, na sisi tunalo neno kunawa, ambalo ndani yake mwenyewe yumo tayari. Kwa sababu hiyo tunasema anawe, aoge. "Ajinawe" na "ajioge" ni kuongeza maji katika maji.

Kwa nini niliiacha ji? Kilugbara si lugha ya Kibantu, nasi tunaookota Kiswahili sokoni Arua, au ng'ambo ya mpaka kule Ariwara, hushika kwanza maneno yenyewe, na visilabi vya katikati tunaviacha njiani. Sokoni haidhuru. Muuzaji anakuona uso wako na mkono wako, naye hukamilisha mwenyewe. Barua haina uso.

Kaka alikuja mwaka wa tatu, wakati wa kuvuna ufuta, hakukaribia hata kuketi. Alitoa barua katika koti, imekunjwa hata inapasuka, akanipa mbele ya mama akasema, "Isome." Nikaisoma kama ilivyoandikwa. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kama changu, aliniuliza ni fedha gani hizo ninazozitaja, nami nikatazama tena maneno yale mawili, nikaona. Nilieleza kwa Kilugbara, polepole, maana koo lilikuwa limekauka.

Fedha zile mama hakuwa amezitumia hata senti moja. Alikuwa amezificha ndani ya chungu cha mtama, akazitoa jioni ile ile, akamrudishia.