Usonji: Je, utambuzi wa utotoni bado unamfaa mtu mzima?

Mtu aliyetambuliwa utotoni kuwa na usonji aweza kufika ukubwani akajiuliza iwapo maelezo yale bado yanamhusu. Anazungumza vizuri, ana marafiki, pengine anafanya kazi. Je, daktari alikosea, au usonji umekwisha?

Mjini Juba swali hili lina uzito wake. Kwa familia iliyorejea kutoka ukimbizini Kenya au Uganda, karatasi iliyoandikwa na daktari wa huko miaka mingi iliyopita huenda ikawa ndiyo ushahidi pekee, na kumpata mtaalamu wa kuipitia upya si jambo jepesi. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International liliripoti kwamba Sudan Kusini nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili, na kwamba wodi ya wagonjwa hao katika hospitali kuu ya Juba ilikuwa na vitanda 12.

Kwa nini shaka huzuka?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani. Hugusa mawasiliano, uhusiano na watu, na huambatana na tabia za kurudiarudia. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Mtaalamu hutegemea anachokiona na anachosimuliwa na wazazi. Kwa hiyo shaka yaweza kutoka pande tatu.

Kwanza, tafsiri yenyewe imebadilika. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliunganisha majina kadhaa, ukiwemo ugonjwa wa Asperger, kuwa jina moja la usonji wenye viwango mbalimbali. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifuata mkondo huo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Jina lililo kwenye karatasi ya zamani laweza kuwa limeachwa, ilhali hali inayoelezwa ingalipo.

Pili, mtu hukua. Hujifunza kumtazama mwenzake usoni, kusubiri zamu ya kusema, na kuficha yanayomsumbua. Anayemtazama kwa nje huona utulivu, asione uchovu unaofuata.

Tatu, huenda kulikuwa na jambo jingine. Mtoto asiyesikia vizuri, mwenye kifafa, au aliyepatwa na kiwewe cha vita aweza kunyamaza na kujitenga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto wa Tanzania wenye usonji ulieleza kwamba baadhi yao walianza kuonyesha dalili baada ya kuugua malaria kali. Historia ya maradhi ya utotoni, basi, haifai kupuuzwa.

Je, usonji waweza kutoweka?

Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Deborah Fein wa Chuo Kikuu cha Connecticut walieleza habari za watoto na vijana 34 waliotambuliwa mapema kuwa na usonji, lakini baadaye hawakutimiza tena vigezo vyake. Mwaka 2023 watafiti wa Boston waliwapima upya watoto 213 waliotambuliwa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Walipofika umri wa miaka mitano hadi saba, asilimia 37 hawakutimiza vigezo hivyo. Matokeo hayo yanahusu watoto wadogo waliopata huduma, na hayatoshi kumhukumia mtu mzima.

Wala mafanikio si ushahidi kwamba usonji haupo. Donald Triplett wa Mississippi, mtoto wa kwanza kuelezwa katika makala mashuhuri ya Leo Kanner ya mwaka 1943, alifanya kazi benki na kuendesha gari. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89, akijulikana hadi mwisho kuwa mtu mwenye usonji.

Swali la kuulizwa

Mwongozo wa Marekani una kanuni inayosaidia: dalili za zamani huhesabiwa hata kama hazionekani leo, lakini ugumu katika maisha lazima uwepo sasa. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza kama daktari alikosea, inafaa kuuliza: ni mambo gani yananilemea leo, na ni msaada gani ninaouhitaji?

Jibu lina gharama kila upande. Jina lisilomfaa mtu laweza kumfungia mlango wa shule, kazi au ndoa, na kuficha tatizo la masikio au kifafa kinachotibika. Kuliacha kwa haraka nako kwaweza kumnyima muda wa ziada katika mtihani au uvumilivu wa mwajiri.

Anayetaka kuchunguzwa upya aitunze karatasi ya awali hata kama haiamini. Amwombe mzazi, shangazi au bibi aliyemlea asimulie alianza kusema lini, alichezaje na wenzake, na aliugua nini. Apimwe masikio, na aeleze iwapo amewahi kupatwa na degedege. Akiwa anatumia dawa yoyote, asiiache kabla ya kumwona daktari.