Walioletwa na Wangwana: neno moja katika mirathi yetu

Mwezi wa pili ukoo wetu ulikutana Kadutu, katika parseli aliyoiacha babu, ili tugawane mali yake. Babu alikuwa mtu wa Kasongo, Maniema, aliyefika Bukavu akiwa kijana. Tulipofikia fungu la baba mdogo, ambaye babu alimzaa na mwanamke wa pili, baba mkubwa alisema: "Kwa upande wa mama yake, huyu ni uzao wa walioletwa na Wangwana." Hakuongeza neno. Wazee walielewa: kuna mtumwa katika nasaba yake, basi asihesabiwe. Mkutano ukaahirishwa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Neno "Wangwana" nimelikuta darasani mara nyingi, lakini sikujua kwamba bado linaweza kumtoa mtu nyumbani kwa baba yake. Ndiyo maana nimeandika makala hii.

Tuanze na neno lenyewe. Pwani, mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilipofika Nyangwe na Kasongo kando ya Lualaba, wengi waliobeba bunduki na mizigo walikuwa watumwa au watu walioachwa huru. Hata hivyo walijiita Wangwana, kwa kuwa walivaa nguo za pwani na kusema Kiswahili. Kutokana nao Kiswahili cha Kongo kilipewa jina la Kingwana. Kwa hiyo lugha tunayoisema sokoni Kadutu ina jina la watu huru, ingawa wengi walioileta hawakuwa huru.

Katika mirathi ya pwani, mtumwa alikuwa mali. Bwana wa shamba la mikarafuu Unguja au Pemba akifa, watumwa waligawanywa kwa warithi pamoja na miti. Aliyezaliwa utumwani nyumbani kwa bwana aliitwa mzalia. Mtumwa mwenyewe hakurithi. Akifa, alichokuwa nacho kilimwendea bwana wake. Lakini kulikuwa na mlango mmoja. Suria, yaani mtumwa mwanamke aliyelala na bwana wake, akizaa mtoto ambaye bwana alimkubali, mtoto huyo alikuwa huru na alirithi sawa na mtoto wa mke. Mama hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, ndugu wanne waliotawala Zanzibar mmoja baada ya mwingine kuanzia 1856 hadi 1893, wote walizaliwa na masuria. Hakuna aliyewaambia kwamba mama zao waliletwa.

Sisemi kwamba utumwa huo ulikuwa mwema. Suria hakuulizwa kama anataka. Hata amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria Zanzibar iliwaacha masuria nje, nao wakasubiri hadi 1909. Ninachosema ni kwamba nasaba ya mama haikumnyima mtoto urithi peke yake. Ilitegemea sheria iliyokuwapo.

Tutazame ng'ambo ya bahari. Huko Virginia, koloni la wakulima wa tumbaku Marekani, sheria ya 1662 iliamua kinyume: mtoto afuate hali ya mama. Bwana angeweza kumrithisha mtoto wake wa damu kwa watoto wake wengine, kama mtumwa wao. Sheria ya 1705 ikawahesabu watumwa kama ardhi katika mirathi. George Washington alirithi watumwa kumi akiwa na miaka 11, baba yake alipofariki mwaka 1743. Yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1799, wasia wake uliwaachia uhuru watumwa 123 waliokuwa mali yake. Wengine 153 pale Mount Vernon walikuwa sehemu ya mirathi ya mume wa kwanza wa mkewe. Hao hakuweza kuwaacha huru. Waligawanywa kwa wajukuu wa mkewe. Watu wa mashamba hayohayo, wengine wameoana, walitenganishwa na karatasi za mirathi.

Turudi Maniema, maana huko kuna kisa kinachomhusu baba mkubwa moja kwa moja. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Anasimulia jinsi alivyofika Utetera na kumwambia mtawala mzee kwamba nyanya yake alikuwa binti wa nchi ile, aliyetekwa zamani na kupelekwa mbali. Mzee alikubali, akamkabidhi utawala. Tippu Tip hafichi kwamba hadithi hiyo aliiunga mwenyewe kutokana na mambo aliyoyasikia.

Msomaji, pima hapo. Nyanya aliyetekwa, tena wa kubuniwa, alimpa mgeni mwenye bunduki nchi nzima. Nyanya aliyetekwa kwelikweli anataka kumnyima baba mdogo vyumba viwili vya mabati. Tofauti haiko katika damu ya nyanya hao. Iko kwa anayesimulia, na kwa nguvu aliyo nayo anaposimulia.

Leo sheria yetu haiulizi nyanya alifikaje. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inaweka katika kundi la kwanza la warithi watoto waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini baba akawatambua akiwa hai, na wale aliowapanga kisheria. Kundi hilo linapata robo tatu ya mirathi, na watoto wanagawana sawa. Babu alimtambua baba mdogo mbele ya afisa wa hali ya raia. Hati ipo, shangazi anaitunza ndani ya Biblia yake.

Mkutano utaitishwa tena. Nitakwenda na nakala ya kanuni hiyo na ya hati ile. Baba mkubwa nitamsalimu kwa heshima kama inavyonipasa, kisha nitamwomba anifafanulie, mbele ya wote, maana ya neno "mwungwana".