Mtoto akikamatwa, nani ajuaye umri wake?

Msomaji, bila shaka umewahi kuona mvulana akipandishwa gari la polisi kwa sababu ya simu iliyoibwa sokoni au miwa iliyokatwa usiku. Watu huuliza kama kweli aliiba. Daktari huulizwa jambo lingine, kwa barua fupi kutoka kituoni: mchunguze huyu, utuambie ana miaka mingapi.

Jibu hilo huamua atakakolala. Kulingana na Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Zamani mpaka ulikuwa miaka 8. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajaweza kupambanua jema na baya, mpaka korti iridhishwe kwa ushahidi. Aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha gerezani. Anapongoja kesi kutoka korti ya Mumias, mahali pake ni makao ya rumande ya watoto, kama yale ya Kakamega. Akipatikana na hatia, anaweza kurudi nyumbani chini ya afisa wa probesheni, kupelekwa shule ya urekebishaji, au, akiwa na miaka 15 hadi 17, kupelekwa taasisi ya borstali ya Shikusa kwa miaka 3. Lakini mwongezee mwaka mmoja tu kwenye karatasi, naye atalala gerezani pamoja na watu wazima.

Sasa, umri tunaupimaje? Tunahesabu meno na kupiga picha ya eksirei ya kifundo cha mkono. Picha hiyo hulinganishwa na zile za kitabu cha Greulich na Pyle, ambazo ni za watoto wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha miaka ya 1930 na 1940. Watoto hao walikuwa wa jamii zenye uwezo na walishiba. Mtoto wetu aliyeumwa malaria mara kwa mara, au mwenye ugonjwa wa selimundu, mifupa yake huchelewa kukomaa. Magego ya mwisho nayo huota mapema kwa Waafrika wengi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Kwa hiyo daktari mwaminifu huandika "kati ya miaka 16 na 18", hata kama karani anataka nambari moja. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilisema mwaka wa 2019 kwamba mifupa na meno pekee visitegemewe, na kwamba penye shaka mtoto ndiye apewe nafasi.

Sura hudanganya zaidi. Mvulana anayepakia miwa huwa na mikono ya mtu mzima. Wengine husema, "Huyu ameshatahiriwa, ni mwanamume." Nyumbani ni sawa, ila sheria haitumii kisu cha ngariba kuhesabu miaka.

Mzazi, karatasi yako ina nguvu kuliko mashine yangu. Peleka hati ya kuzaliwa, kadi ya kliniki au kadi ya ubatizo, au barua ya shule. Ukikosa zote, kumbuka tukio: alizaliwa kabla au baada ya kura ya Katiba ya Agosti 2010? Korti husikiliza ushahidi wa mama pia.

Jambo la pili ni dawa. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini katika saa 24, lakini anayekamatwa Ijumaa jioni huweza kungoja hadi Jumatatu. Mtoto wa kifafa akikosa vidonge siku mbili, huenda akaangukia sakafu ya saruji. Mwenye selimundu huhitaji maji na blanketi. Baridi na kiu humwamshia maumivu makali. Mwenye pumu asitenganishwe na pampu yake. Peleka dawa zikiwa na jina lake na maagizo ya hospitali, uombe ziandikwe kwenye kitabu cha matukio.

Uliza pia amewekwa na nani. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe kando na watu wazima. Katika seli iliyojaa, kifua kikuu na upele huenea upesi, na kuna madhara mengine ambayo mvulana hatakuambia mbele ya watu. Ukikuta amechanganywa na watu wazima, mtafute afisa wa watoto siku hiyo hiyo, au piga simu 116, ambayo ni bure.

Akirudi nyumbani, mlete kliniki hata kama anasema ni mzima. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe, na usiku akiwashwa, nyumba nzima itibiwe upele kwa siku moja.