Ngozi ya Pili

Nyosha mkono wako mbele uutazame. Hiyo ngozi unayoikuna mbu akikuuma, unayoipaka mafuta asubuhi kabla ya kwenda shule, ndiyo bandeji ya kwanza duniani. Haikubuniwa na mtu, ulizaliwa nayo. Mvua haiipenyi, vijidudu vinagonga vinarudi, ikichanika kidogo hujishona yenyewe, nawe ukirefuka nayo hurefuka. Hakuna fundi cherehani aliyewahi kushona nguo ya namna hiyo.

Taabu huanza inapopasuka. Tangu enzi na enzi watu wamehangaika kutafuta ngozi ya pili ya kuziba pale palipochanika. Wamisri wa kale walipaka kidonda asali na mafuta, kisha wakakifunga kwa kitani, na hawakukosea sana, maana asali huua vijidudu vingi. Ila hawakujua kwa nini inafaa. Jibu lilikawia maelfu ya miaka, na mtoto mmoja na gurudumu la mkokoteni wana sehemu yao katika kisa hicho.

Mtoto huyo aliitwa James Greenlees. Alikuwa na miaka 11, akiishi Glasgow, mji wa Uskoti. Mwezi Agosti 1865 gurudumu la mkokoteni lilimpanda mguu wa kushoto. Mfupa wa muundi ukavunjika na ngozi juu yake ikapasuka.

Tega sikio hapo kwenye ngozi kupasuka, maana ndipo penye fumbo. Madaktari wa siku zile walikuwa wameona jambo lililowashinda kulieleza. Watu wawili wakivunjika mguu siku moja, mmoja ngozi nzima na mwingine ngozi imepasuka, yule wa kwanza alifungwa magango, akalala wiki kadhaa, akapona. Wa pili kidonda kilitunga usaha, kikanuka, homa ikapanda. Dawa iliyobaki ilikuwa msumeno: kuukata mguu kabla uozo haujapanda juu. Na wengi walikufa hata baada ya kukatwa. Mfupa ni ule ule, kitanda ni kile kile, hospitali ni ile ile. Kwa nini?

Wengi walisema ni hewa mbaya. Huku wakisema hivyo, wapasuaji wenyewe walivaa makoti yaliyokakamaa kwa damu ya wagonjwa waliopita, na wapo walioringa nayo: koti likiwa gumu, mwenye koti ni fundi wa siku nyingi! Usiwacheke sana. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha adui.

Daktari aliyempokea James aliitwa Joseph Lister. Alikuwa amesoma maandishi ya Louis Pasteur, Mfaransa aliyeonyesha kwamba divai na maziwa huharibiwa na viumbe hai vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Lister akaunganisha mawili hayo. Ikiwa ngozi nzima inatosha kuuokoa mguu, basi kinachoozesha kinatoka nje, na kinaingilia kwenye ufa. Nyumba haikujibomoa, mwizi amepita mlangoni.

Sasa amzuie kwa kitu gani? Lister alikuwa amesikia kwamba katika mji wa Carlisle walimwaga dawa iitwayo asidi ya kaboliki kwenye maji machafu ya mitaro, na uvundo ukapungua. Ndiyo, dawa ya mtaro. Alichovya kitambaa ndani ya dawa hiyo, akakilaza juu ya kidonda cha James, akaufunga mguu kwa magango, akauacha siku nne. Siku ya nne alipofungua hakukuta usaha. Ngozi ilikuwa imewashwa na dawa, nyekundu, lakini haikuoza. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga, na James akaondoka hospitalini na miguu yake miwili. Mwaka 1867 Lister akayachapisha matokeo ya kazi yake katika jarida la madaktari, na taratibu, kwa ubishi mwingi, hospitali za Ulaya na Marekani zikaanza kunuka kaboliki badala ya kunuka uozo.

Lakini dawa inayoua vijidudu haichagui. Inauma na ngozi ya anayeishika.

Tuvuke bahari twende Baltimore, Marekani, kwenye hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1889. Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji aliitwa Caroline Hampton. Kila siku aliitumbukiza mikono yake katika kaboliki na katika dawa nyingine kali yenye zebaki, ili mikono iwe safi kabla ya kumkabidhi mpasuaji vifaa. Wagonjwa walinufaika, Caroline akaumia. Mikono yake iliwasha, ikavimba, ikafika mahali kazi ikawa haiwezekani. Akawa mbioni kuiacha.

Mpasuaji aliyefanya naye kazi, William Halsted, hakutaka aondoke. Alisema baadaye kwamba ni kwa kuwa Caroline alikuwa hodari kuliko kawaida. Sisi tunaojua mwisho wa kisa tunatabasamu kidogo. Halsted alichukua umbo la mikono ya Caroline kwa jasi, akalipeleka kwa kampuni ya Goodyear Rubber (si ile ya matairi unayoyaona kwenye malori, hiyo ilianzishwa baadaye) akaomba watengeneze glavu nyembamba za mpira zinazoweza kuchemshwa. Zikaja jozi mbili. Caroline akazivaa, mikono ikapona. Mwaka 1890 wakaoana, naye akaiacha ile kazi ambayo glavu zilitengenezwa ili asiiache.

Hapa ndipo ninapopapenda mimi kuliko mahali pengine pote katika habari hii. Glavu za upasuaji, ambazo leo hakuna hospitali inayoweza kufanya kazi bila hizo, hazikubuniwa kumlinda mgonjwa. Zilibuniwa kwa ajili ya vidole vya muuguzi mmoja vilivyokuwa vinawasha. Wasaidizi wengine wakaanza kuzivaa, wakazizoea. Halsted mwenyewe alizivaa mara mojamoja tu. Ilipita karibu miaka kumi ndipo daktari kijana wa pale pale, Joseph Bloodgood, alipokaa chini akahesabu wagonjwa waliopasuliwa ngiri, akatangaza mwaka 1899 kwamba mpasuaji akivaa glavu, vidonda vinavyotunga usaha hupungua mno. Halsted alikuja kuandika kwamba anashangaa walivyokuwa vipofu muda wote ule. Glavu zilikuwa mezani, majibu yalikuwa mezani, na hakuna aliyeangalia.

Vitabu vingi humtaja Caroline kwa sentensi moja, kama mke wa Halsted. Mimi naona mikono yake inastahili zaidi ya hapo.

Mkono mwingine wa mwanamke ulikuwa jikoni, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1920. Josephine Dickson alikuwa ameolewa karibuni, na kila akipika alijikata au kujiunguza vidole. Mumewe, Earle, alikuwa mnunuzi wa pamba katika kampuni ya Johnson & Johnson, iliyokuwa ikiuza bandeji za hospitali. Jioni akirudi alimfunga mkewe pamba na shashi, akakaza kwa utepe wa gundi. Bandeji ilikuwa kubwa kuliko kidonda. Josephine akishika mwiko mara mbili, imedondoka. Na tatizo kubwa zaidi: Earle akiwa kazini, nani amfunge? Jaribu leo kujifunga kidole cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto peke yako, uone.

Earle akatandaza utepe mrefu mezani, upande wa gundi juu. Katikati yake akapanga vipande vidogo vya shashi kwa kuachanisha nafasi, akafunika gundi kwa kitambaa kigumu ili isikauke, akaukunja utepe kama mkeka. Josephine akijikata, anachukua mkasi, anakata kipande, anafunua, anabandika. Kwa mkono mmoja.

Ndiyo plasta uliyobandikwa gotini ulipoanguka na baiskeli. Kampuni ilianza kuiuza mwaka 1921, ikifanywa kwa mikono, kipande kimoja kirefu cha inchi 18, na mwaka wa kwanza haikuuzika sana. Watu hawakujua waifanyie nini. Kampuni ikazigawa bure kwa maskauti na kwa wauza nyama, watu wanaojikata kila siku, na tangu mwaka 1924 mashine zikaanza kuzikata kwa saizi mbalimbali. Earle alipanda cheo hadi kuwa makamu wa rais wa kampuni. Josephine tunamjua kwa vidole vyake.

Mpaka hapa tumeziba ngozi. Lakini mwili una milango ambayo ngozi haiifuniki, pua na mdomo. Nani aliyeiwazia hiyo?

Mwishoni mwa mwaka 1910, kwenye baridi kali ya Harbin, kaskazini mashariki mwa China, watu walianza kukohoa damu na kufa ndani ya siku chache. Ilikuwa tauni. Serikali ikamtuma daktari wa miaka 31, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge. Madaktari wengi waliamini tauni huletwa na viroboto wa panya, na kwa kawaida ndivyo ilivyo. Wu alichunguza maiti, akasema hii ya Harbin imeingia mapafuni na inaruka kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kikohozi. Akaamuru wote wanaohudumia wagonjwa wafunike pua na mdomo kwa pamba iliyowekwa katikati ya tabaka za shashi, ikafungwa kwa nyuma ya kichwa. Vitu vya bei ndogo, ambavyo kila mtu aliweza kujitengenezea.

Daktari Mfaransa aliyeheshimika, Gérald Mesny, alimdharau Wu, kijana tena Mchina, akaingia wodini bila barakoa. Siku chache baadaye akafa kwa tauni hiyo hiyo. Kuanzia hapo watu wa Harbin hawakuhitaji kubembelezwa. Wagonjwa na waliokaribiana nao wakatengwa, mabehewa ya treni yakageuzwa vyumba vya karantini, na kufikia masika ya 1911 tauni ikakoma, ikiwa imeua watu wapatao 60,000 katika eneo lote la kaskazini mashariki mwa China. Barakoa zilizoshonwa kwa vitenge kwenye cherehani za mitaani kwetu mwaka 2020 ni wajukuu wa barakoa ile.

Kisa cha mwisho kimetokea karibu na nyumbani, na si cha zamani sana. Mwaka 2018 Ebola iliingia Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwenye miji kama Beni ambako sokoni watu huongea Kiswahili. Ebola hupita kwa damu, jasho, matapishi, kwa majimaji yote ya mwili, kwa hiyo muuguzi hufunikwa kila mahali: suti ya plastiki, glavu jozi mbili, buti, aproni, barakoa, miwani mikubwa. Ndani ya vazi hilo, kwenye joto letu, baada ya saa moja hivi hana budi kutoka, amelowa jasho. Naye mtoto mgonjwa, aliyetengwa na mama yake, anaona kiumbe cheupe kisicho na uso kikimjia na sindano. Wewe usingepiga kelele?

Shirika la misaada ya tiba la ALIMA likaleta Beni chumba cha plastiki angavu. Mgonjwa amelala ndani, muuguzi amesimama nje na nguo zake za kawaida, uso wazi, na ukutani zimeshikizwa glavu ndefu zinazoelekea ndani. Anaingiza mikono humo, anatoa dawa, anampangusa mgonjwa jasho, anamshika mkono. Mama anakaa nje ya ukuta, anaonana na mwanawe, wanazungumza. Safari hii chumba kizima ndicho kilichovishwa ngozi. Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 2,200 kabla haujatangazwa kwisha mwezi Juni 2020, na wapo waliopona wakiwa wanatazamana na mama zao.

Sasa rudi kwenye mkono wako. Siku ukijikata, usipake majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno, hata akikuambia mtu mzima. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kausha pembeni yake kwa kitambaa safi, ndipo ubandike plasta, na uibadilishe ikilowa. Kama umechomwa na msumari, au kidonda kimekwenda ndani, plasta haitoshi: mwambie mzazi au mwalimu akupeleke zahanati siku hiyo hiyo, mkaulizie sindano ya pepopunda.