Pembe Si Undugu: Ukoo wa Kinyonga wa Taita

Dume la kinyonga wa misitu ya Taita lina pembe mbili mbele ya uso, na mtu anayemtazama juujuu atamhesabu kuwa ndugu wa karibu wa kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Kenya. Undugu huo ni wa mbali. Pembe za yule wa Mlima Kenya zina pete. Za huyu wa Taita ni mfupa wa fuvu uliochomoza ukavikwa magamba. Tena yule huzaa watoto hai, huyu hutaga mayai. Kwa miaka mingi wataalamu walimweka katika jenasi ya Bradypodion pamoja na vinyonga wadogo wa Afrika Kusini, ingawa hao nao huzaa. Mwaka 2006 Tilbury, Tolley na Branch waliwatenga hawa wa Afrika Mashariki kwa ushahidi wa DNA, wakawapa jenasi yao, Kinyongia, jina ambalo kwa mara moja halikuhitaji Kilatini kutoka mbali.

Mkulima wa Mghange, huko Taita, ana haki ya kuuliza: mnyama ni yuleyule, kwenye kichaka kilekile, kimebadilika nini? Swali lina uzito, kwa sababu mwaka 2002 Lutzmann na Nečas walimtambua kama spishi ndogo tu ya kinyonga wa Kilimanjaro na Pare, na mwaka 2008 Mariaux na wenzake wakampandisha kuwa spishi kamili, Kinyongia boehmei. Kweli wapo wataalamu wanaopenda kugawa kupita kiasi, na mpaka kati ya daraja hizo mbili hauchorwi kwa rula. Lakini tazama nchi yenyewe. Kinyonga huyu anategemea unyevu wa mlimani, na kati ya Taita na Pare kuna nyika kavu asiyoweza kuivuka. Vizazi vilivyotengwa hivyo havichanganyi damu, viwe vimefanana pembe au la.

Jina nalo lina kazi. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya vinyonga hawa, na kibali huandikwa kwa jina la spishi. Huyu wa Taita akihesabiwa kuwa tawi la wale wa Pare, kufyekwa kwa msitu wa Ngangao huko kwao kutaonekana hasara ya pembeni, maana wengine wamebaki Tanzania. Akiwa spishi yake, hana akiba nje ya milima ya Taita.